Picha za Kambi na Kiambishi -ak-: Namna ya Kuandika Kumbukumbu za Utoto wa Lubumbashi

Wanafunzi wa idara yetu wanaokwenda kukusanya masimulizi ya wazee katika kambi za zamani za wafanyakazi wa shaba, iwe Lubumbashi, Likasi, Kipushi au Kolwezi, huambiwa jambo moja na waliowatangulia: omba kuonyeshwa picha. Ni shauri jema. Mzee aliyekujibu kwa neno moja moja tangu asubuhi, mwekee picha mezani, na kabla hujawasha kinasa sauti ameshataja majirani wanne na mbwa wao. Shida huanza baadaye, tunapokaa kuandika tulichosikia. Hapo tunaingiwa na tabia ya kusafisha. Tunaandika «walitupatia» mahali mzee aliposema «balitupatiaka», tukiamini kwamba tumebadilisha matamshi tu, b kuwa w, na kuondoa kimkia kisicho na kazi.

Kimkia hicho kina kazi. Nataka kuonyesha kwamba katika masimulizi ya utoto wa kambini, sehemu kubwa ya maana imekaa hapo, na anayekifuta amefuta ushahidi.

Tuanze na sarufi, kwa ufupi, maana wenye sikio la Lubumbashi wanaijua bila kufundishwa. Katika Kiswahili chetu kitenzi hupokea -ak- kabla ya irabu ya mwisho: kula, kulaka, kwenda, kwendaka, kupatia, kupatiaka. Pamoja na -na- tunapata mazoea ya leo: «Tunakulaka bukari na sombe», ambayo katika Kiswahili sanifu ingekuwa «Huwa tunakula ugali na kisamvu». Pamoja na -li- tunapata mazoea ya wakati uliopita: «Tulikulaka bukari na sombe», yaani ndivyo tulivyokuwa tukila, siku baada ya siku. Tofauti na «Tulikula bukari na sombe» ni kubwa. Hii ya pili inaweza kuwa jana mchana, mara moja, na basi.

Lazima niongeze tahadhari moja. Katika sikio langu, na la wenzangu niliowauliza, -li- pamoja na -ak- huweza pia kubeba zamani ya mbali bila mazoea yoyote. Mtu akisema «Nkambo alikufaka», hakuna anayeelewa kwamba babu alikuwa na desturi ya kufa. Kwa hiyo kiambishi peke yake hakitoshi. Angalia kitenzi ni cha aina gani, angalia kama kuna «kila juma» au «ile siku» karibu yake, sikiliza sentensi iliyotangulia. Walter Schicho, aliyechapisha kazi zake juu ya Kiswahili cha Lubumbashi tangu mwaka 1980, na Edgar Polomé kabla yake, walichukua Kiswahili hiki kuwa lugha yenye kanuni zake, si Kiswahili cha pwani kilichoharibika njiani. Inashangaza kidogo kwamba wageni walilikubali hilo mapema kuliko baadhi yetu tuliozaliwa nacho.

Sasa picha. Nyumbani kwetu kuna albamu ya kambini, na ndani yake picha moja ya familia mbele ya nyumba ya matofali. Baba mwenye nyumba amevaa koti, mama amekaa kitini, watoto watano wamesimama kwa urefu wao. Upande wa kulia, imeegemezwa ukutani, kuna baiskeli. Nkambo, ambaye ni yule msichana wa pili kutoka kushoto, alipoulizwa juu ya picha hiyo alisema:

«Ku kambi tulikuwaka na kinga. Baba alitupelekaka ku misa na ile kinga.»

Kinga ni baiskeli. Neno limetujia kutoka upande wa Wabemba. Mdogo wake, ambaye katika picha ni katoto kenye kaptura iliyomzidi, alikuwa amekaa pembeni akinywa chai. Akaweka kikombe chini:

«Yaya, ile kinga haikukuwa yetu. Ile siku muzungu ya foto alikuya, baba alinituma nilombe kinga kwa jirani.»

Nkambo akanyamaza. Akavuta picha karibu na macho.

«Njo vile. Alikutuma. Na mangaribi tulirudisha.»

Tazameni vitenzi. Sentensi mbili za kwanza zina -ak-: tulikuwaka, alitupelekaka. Sentensi za mdogo hazina: haikukuwa, alikuya, alinituma. Na nkambo anapokubali, naye anaacha -ak-: alikutuma, tulirudisha. Mazungumzo hayo hayakuchukua hata dakika moja, lakini ndani yake kitu kimehamishwa kutoka zama kwenda siku. Baiskeli iliyokuwa na miaka mingi imebaki na mchana mmoja.

Nani angesema kwamba nkambo alidanganya? Mimi sisemi hivyo. Familia ilikwenda misa kila Jumapili, hilo hata mdogo wake halikatai. Walikwenda kwa miguu. Mazoea yalikuwapo. Picha ilitoa kitu kimoja kinachoonekana, na kiambishi kikakigawia kitu hicho miaka yote. Picha inajua mchana mmoja tu. Anayeisimulia anajua utoto mzima, na anapoitazama anaumwaga utoto mzima ndani ya mchana ule. Tukiandika katika daftari «Tulikuwa na baiskeli kambini, baba alitupeleka misani kwa baiskeli hiyo; baiskeli hiyo haikuwa yetu», msomaji ataona watu wawili wanaopingana juu ya mali. Hataona kwamba mmoja alikuwa anasema zama na mwingine anasema siku, wala hataona mahali hasa ambapo wa kwanza alivuka kwenda kwa wa pili.

Wengine watauliza kwa nini watu wa kambi wanapenda sana -ak-. Jibu linalotoka haraka ni kwamba wazee husifu zamani. Sikubaliani nalo, au nakubali nusu. Maisha ya kambi yenyewe yalitengenezwa kuwa mazoea. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli ilipofika Elisabethville mwaka 1910 kazi ya shaba ikapata njia ya kwenda nje. Miaka ya kwanza wanaume waliajiriwa kwa mikataba mifupi, wengi wao wakitoka Rhodesia ya Kaskazini, nao waliishi bila wake zao na kurudi kwao. Kuanzia mwaka 1928 kampani ilibadili mwendo: mikataba ya miaka mitatu, mfanyakazi aje na mke, watoto wazaliwe kambini. Walitoka Kasai, Lomami, Ruanda-Urundi. Mtoto aliyezaliwa hapo alikuta kila kitu kina saa yake. King'ora cha kiwandani kiligawa siku. Posho, yaani unga, nyama, samaki na mafuta, iligawa juma. Wamama walipeleka watoto kupimwa uzito. Shule ilikuwa ya kampani, chini ya wamisionari. Mwenye mamlaka kambini, ambaye wafanyakazi walimwita tshanga-tshanga, alijua nani amelala wapi.

Mtu aliyekulia ndani ya ratiba ya namna hiyo atasema nini kama si «balitupatiaka», «tulipangaka mulongo», «mama alituchapaka»? Kiambishi kinaeleza jambo la kweli juu ya kampani hata pale msimulizi hakusudii kuisema kampani. Ndiyo maana nasema jibu la kusifu zamani ni nusu tu. Mazoea ya posho ni ukweli wa historia. Mazoea ya baiskeli yamezaliwa na picha. Kiambishi ni kimoja, na kazi ya mtafiti ni kutenganisha hayo mawili, lakini hawezi kuyatenganisha kama ameshakifuta.

Kisha kuna mambo yasiyopokea -ak- ya mazoea hata kidogo, kwa sababu yalivunja mazoea. Tarehe 4 Desemba 1941, wakati wa mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière huko Elisabethville, askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa mpira. Hakuna picha ya albamu ya familia inayoonyesha hilo. Januari 1967 mali ya kampani ikawa ya serikali, na baada ya majina mengine mawili ikaitwa Gécamines. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Sikilizeni watu wanavyosimulia mambo ya namna hii. Sentensi zinakuwa fupi, vitenzi vinabaki vitupu: balikuya, balisema, tulitoka. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, aliyekusanya kumbukumbu za wafanyakazi hao kwa miaka mingi hapa Lubumbashi, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina linalowataja Bana Shaba kama watoto walioachwa na baba yao. Kampani ni baba. Baba hulisha, na kulisha ni -ak-. Siku ya kuachwa haina -ak-.

Mpango wa Mémoires de Lubumbashi, ambao yeye na Bogumil Jewsiewicki waliuongoza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulionyesha kwamba vitu vya nyumbani vinaweza kufungua mdomo wa mji. Mpiga picha Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, alifanya jambo linalokaribiana na hilo kwa njia yake: katika mfululizo wake Mémoire wa mwaka 2006 alichukua watu wa picha za zamani za kikoloni akawasimamisha mbele ya magofu ya viwanda kama yalivyo leo. Ukizitazama kwa jicho la mwanaisimu, utaona anafanya kwa picha kile ambacho mdogo wa nkambo alifanya kwa kitenzi. Anaondoa mazoea na kuacha siku mbili, ile na hii, zitazamane.

Turudi kwenye albamu, maana kuna upande ambao wengi husahau kuutazama: mgongo wa picha. Maandishi ya mgongoni ni hazina kwa mtu wa lugha. Kwanza yanasaidia kukadiria umri wa picha hata bila tarehe. Penye «Elisabethville» au «E/ville» mara nyingi ni kabla ya mwaka 1966, mji ulipoitwa Lubumbashi; penye «Jadotville» ni kabla ya kuitwa Likasi. Penye «Shaba» kama jina la jimbo, tuko kati ya 1971 na 1997. Mtoto aliyeandikwa kwa jina la ubatizo la Kifaransa katika picha moja, kisha kwa jina la mababu peke yake katika picha nyingine, huenda anatuonyesha mwaka 1972, Wazaire walipoamriwa kuacha majina ya kigeni. Nasema huenda kwa sababu watu hawakutii kalenda ya serikali wote kwa siku moja. Wazee wengine waliandika Elisabethville mpaka kalamu ikawaishia.

Pili, yanatuonyesha namna watu walivyoandika Kiswahili ambacho hakuna mwalimu aliyewafundisha kukiandika. Shuleni walifundishwa Kifaransa, na kama walifundishwa Kiswahili, kilikuwa kile cha vitabu vya misioni. Cha nyumbani walijiandikia wenyewe, kwa herufi za Kifaransa: «tsh» mahali pa ch, «ou» mahali pa u, maneno mawili yameungana, neno moja limekatwa. Hapo inafaa kukumbuka maandishi ya André Yav ya mwaka 1965 juu ya historia ya mji wa Elisabethville, yaliyoandikwa kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu. Johannes Fabian alipoyachapisha mwaka 1990, pamoja na Kalundi Mango na Schicho, hawakuyanyoosha. Waliyatoa kama yalivyo, na ili kuyaelewa Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti. Mahali jicho lilipokwama, sikio lilipita. Nawashauri wenzangu wafanye hivyo hivyo na migongo ya picha: msiandike upya kabla hamjasoma kwa sauti, na ikiwezekana asome mtu wa nyumba ile.

Jambo la kazi ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba swali letu ndilo huchagua kiambishi. Ukimuuliza mzee «Mulifanyaka nini ku kambi?», umeshampa -ak- mkononi, naye atakurudishia -ak-: tulichezaka, tulikulaka, tuliogopaka. Utapata maelezo mazuri ya desturi, na hutapata tukio hata moja. Ukimwekea picha na kuuliza «Ile siku kulifanyika nini?», unamwita kwenye siku. Atakosa jibu mara nyingi. Atasema hakumbuki. Ngoja. Muulize nani alishika aparei, nani hayupo pichani na kwa nini, viatu vilikuwa vya nani. Viatu hufungua mambo mengi. Kama kinga ile, viatu vya picha mara nyingi viliazimwa. Usiache hata hivyo swali la kwanza. Lipe nafasi yake, andika majibu yake pembeni, kisha linganisha kitenzi kwa kitenzi.

Na mweke watu wawili. Mtu mmoja na picha moja watakupa zama. Ndugu wawili na picha moja watakupa siku, kwa sababu mmoja hatakubali kaka yake apewe sifa ya bure. Masahihisho ya ndugu ndiyo mahali -ak- hudondoka, na hapo ndipo kinasa sauti kinapaswa kuwa karibu. Ikiwa wanaanza kuchanganya Kifaransa, waache. Vincent de Rooij alishaonyesha katika kitabu chake cha 1996 kwamba mchanganyiko wa Kifaransa na Kiswahili cha Shaba hupanga mazungumzo. Mzee anayesema «donc» kabla ya kurudi kwenye habari anakuonyesha mlango wa habari ulipo.

Picha zenyewe ziacheni nyumbani kwao. Piga nakala kwa simu, juu ya meza, mwenyewe akiona. Wengi wameshatoa picha kwa watu wenye barua za vyuo na hazikurudi, na mtu aliyepoteza picha yake ya pekee ya mama yake hatakusimulia tena chochote, wala hatamsimulia mwenzako wa mwaka ujao.

Nimeacha kwa mwisho neno dogo ambalo bado linanisumbua, nalo si kitenzi. Nkambo anapogusa watu wa pichani kwa kidole, anasema «uyu» kwa baadhi na «ule» kwa wengine, ingawa wote wako umbali sawa na kidole chake, karatasini. Nilidhani uyu ni walio hai na ule ni waliokufa. Haikuwa hivyo: mama yake, aliyezikwa zamani, ni uyu, ndugu mmoja aliye hai, anayeishi Kolwezi, ni ule. Nikadhani ni ukaribu wa moyo. Lakini anapojigusa mwenyewe, yule msichana wa pili kutoka kushoto, siku nyingine husema «uyu njo miye», na siku nyingine, hasa akiwa ameanza na -ak-, husema «ule mutoto alikuwaka na woga». Katika rekodi nilizo nazo, uyu wa kujigusa mwenyewe umekuja pamoja na vitenzi vitupu mara nyingi kuliko na -ak-. Rekodi ni chache na ni za nyumba moja. Anayeandaa kazi yake ya mwisho juu ya vionyeshi katika Kiswahili cha Lubumbashi, na ambaye nkambo wake ana albamu kabatini, ninaweza kumpa rekodi zangu ili azilinganishe na zake.